Mwalimu Mrija na Damu ya Kijani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkufunzi wetu wa fizikia ya mwili atakabidhi funguo za maabara, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwafundisha wauguzi jinsi damu inavyotembea mwilini. Jina lake la kwenye kitambulisho linajulikana na ofisi ya utumishi. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo, tunamwita Mwalimu Mrija.

Alipoajiriwa aliahidiwa vifaa. Alisubiri weee, kisha akaenda mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na mipira ya maji ya kila unene, koki na pampu ya bustani. Kwa vitu hivyo akajenga kitu alichokiita Mwili: mirija iliyotanda ukuta mzima, pampu mahali pa moyo, na ndoo mahali ambapo tulikubaliana tusiulize. Pampu ikiwashwa, wanafunzi waliona kwa macho yao kwamba mrija mpana hupitisha maji kwa raha, na ukifinywa kidogo tu, pampu huanza kulalamika. Waliona pia matone ya rangi yakikimbia katikati ya mrija huku ya pembeni yakijikokota. Katikati wanapita wenye haraka, aliwaambia, na ukutani wamejaa wenye umbea. Asiyeamini aitazame korido yetu wanafunzi wanapotoka darasani.

Mwili ulikuwa na tabia ya kufumuka bila taarifa. Mwandishi wa maneno haya anafundisha anatomia chumba cha pili, na anajua kinachopita chini ya mlango kila mrija unapochomoka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwahi kuliona dekio la Mwalimu Mrija.

Somo lake halikukaa maabara. Mkewe anasema ndani ya nyumba yao hakuna aliyewahi kunywa soda kwa mrija akaachwa kwa amani. Na wafanyakazi wa zamani wanakumbuka siku alipobana foleni ya chakula kwa viti, ili atuonyeshe kwamba njia ikipungua upana kwa nusu, usumbufu hauongezeki mara mbili tu, unaongezeka mara kumi na sita. Mkuu wa chuo wa wakati ule, mtu aliyejaaliwa mwili, alikwama kati ya kiti cha tatu na cha nne. Mwalimu hakumkwamua kwanza. Aliwageukia wanafunzi akawaeleza kuwa hivi ndivyo damu iliyoganda inavyoziba mshipa, na akawaomba wasogee karibu waone vizuri. Mwaka ule hakupandishwa cheo.

Sasa tufike kwenye rangi. Kwa miaka yote hiyo damu iliyozunguka kwenye Mwili ilikuwa ya kijani. Mwalimu alieleza kuwa kijani kinaonekana vizuri kutoka viti vya nyuma, nasi tukapokea. Hata mtahini wa nje alipomuuliza mwanafunzi mmoja rangi ya damu inayotoka kwenye moyo, akajibiwa kwa kujiamini kabisa kwamba ni ya kijani, tulimtetea Mwalimu. Lakini siku mpishi alipojikata kidole mbele yake, Mwalimu Mrija alilala chali sakafuni katikati ya jikoni. Alipozinduka alisema alikuwa anakagua mteremko wa sakafu. Tulikubali na hilo, kwa sababu tunampenda, na tangu siku hiyo tulijua kuwa mtaalamu wetu wa damu hawezi kuitazama damu.

Lingebaki kuwa la kuchekesha tu, kama si mwaka huu. Alianza kuumwa kichwa kila asubuhi na kusikia mvumo masikioni. Alisema ni pampu. Tukaizima pampu, mvumo ukabaki. Akasema basi ni feni. Maabara haina feni. Kila mwaka zahanati ya chuo ilipowaita wafanyakazi kupimwa, Mwalimu alikuwa na mrija wa kuziba, na safari hii alikuwa na mirija mingi zaidi. Mkewe alikuja ofisini kwetu, akakaa, akakataa chai. Alisema baba yake Mwalimu aliondoka kwa presha, akiwa na umri kama huu wa mwanawe, na kwamba yeye hayuko tayari kuachiwa nyumba iliyojaa mipira ya maji bila mwenye mipira. Hapo hakuna aliyecheka. Mganga hajigangi, tulilijua hilo, lakini huyu alikuwa hataki hata kugangwa na wengine.

Aliyetuokoa ni muuguzi wa zahanati. Ndiye yule yule mwanafunzi wa damu ya kijani, siku hizi ni mama wa watoto wawili na hana mchezo. Hakumbembeleza. Alimwambia kuwa yeye muuguzi anahitaji msaada wake wa kitaalamu, na Mwalimu, ambaye hajawahi kukataa kutoa somo, akaenda mbio. Muuguzi akamkalisha, akamfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, na vile vya masikioni vya kusikilizia mapigo akamvika mgonjwa mwenyewe.

Kitambaa kikajaa upepo, mshipa ukabanwa, kimya. Upepo ukaanza kutolewa, na damu ikapenya kwa vurugu pale palipobanwa, ikigonga: du, du, du. Kisha njia ikawa pana, mtiririko ukatulia, na kimya kikarudi. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amefundisha kwamba mtiririko tulivu hauna sauti na wa vurugu hupiga kelele, lakini aliusikiliza kwenye mpira wa bustani tu. Aliomba kurudia mara mbili. Muuguzi alipotazama namba, aliacha kutabasamu. Mwalimu akamwona, akakunja mkono mwingine wa shati mwenyewe, akasema na damu ichukuliwe.

Muuguzi alikuwa amejiandaa. Bomba la sindano alikuwa amelizungushia karatasi ya kijani. Mwalimu aliitazama karatasi ile, machozi yakamlengalenga, kisha akaomba itolewe. Akaiona damu yake ikipanda kwenye bomba, nyekundu kama ilivyo. Alisema ni nzito kuliko aliyokuwa akichanganya yeye. Baada ya hapo alizimia, na muuguzi akamalizia kazi bila kusumbuliwa.

Presha ilikuwa juu sana, ila iliwahiwa. Anameza dawa kila asubuhi, na wakati wazee wenzake wanasifiwa kwa kula chumvi nyingi, yeye ameamriwa apunguze. Wiki iliyopita aliingia maabara pampu ikiwa imezimwa, akasimama katikati ya chumba. Tulimuuliza kuna nini. Akasema hasikii kitu. Alilisema tena taratibu, na mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, akageukia dirishani kujifuta uso.

Ijumaa hiyo ataendesha Mwili kwa mara ya mwisho, na maji yake, kwa mara ya kwanza, ni mekundu. Ameyachanganya mwenyewe akiwa amefumba jicho moja. Tumemwekea godoro nyuma yake, na wageni wa mstari wa mbele wanaombwa wasivae nguo nyeupe.

Mwalimu wetu, ahsante kwa kutulowesha. Huko uendako, mishipa yako iwe mipana, kelele unazosikia ziwe za wajukuu tu, na kila ukikaa kimya jioni, usisikie kitu.