Mama Jovina, Aliyeshukiwa Kwenye Kila Mlango

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, Mama Jovina Nahayo anastaafu baada ya kuitumikia Jumuiya yetu ya Kazi za Nyumbani kwa miaka kumi na tisa. Alianza mwaka 2005 katika tawi la Muyinga, akahamia hapa Gitega mwaka 2013, na muda wote huo kazi yake ilikuwa ile ile: kuwaeleza wanaofanyia biashara majumbani kwamba kujiandikisha kwenye ofisi ya kodi kunaweza kuwapunguzia mzigo. Anayeona ni kazi nyepesi ajaribu kubisha hodi kwa mtu asiyemjua, atamke neno kodi, kisha asubiri kukaribishwa ndani.

Mama Jovina alikimbilia Tanzania mgongoni mwa shangazi yake mwaka 1972, akakulia huko, akaolewa huko, akarudi hapa Burundi na mumewe Eliud amani ilipoanza kushika. Kiswahili chake kilichonyooka kilitufurahisha ofisini. Vijijini kilimponza. "Huyu anaongea kama redio," walisema, "lazima ametumwa."

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Gashoho, mwaka 2009. Alikuwepo huko mama mmoja, Jeska, naye ametoka Tanzania karibuni, akioka mikate kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba aliyopanga. Siku ya kwanza Mama Jovina alipofika, Jeska alilifunika tanuri kwa mkeka na kusema hapo hapana biashara. Mkeka ukaanza kutoa moshi. Mama Jovina akamsaidia kuuzima kwa ndoo ya maji, akanunua mikate miwili, akaondoka bila kutaja kodi hata kidogo.

Hilo likazidisha mashaka. Mtoza kodi gani anaondoka hivyo hivyo?

Jeska alikuwa na sababu ya kuogopa. Kila mwezi mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu alipita kwa wanaouza vitu majumbani, akidai "ushuru wa jiko". Hakutoa stakabadhi. Aliyekataa aliambiwa jiko litavunjwa, na kwa waliorudi kutoka ukimbizini aliongeza neno baya zaidi, kwamba atachunguza kama wana haki ya kukaa pale. Jeska alilipa. Jirani yake Namegabe, Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini aliyeuza vitenge sebuleni kwake, alilipa pia.

Mama Jovina aliporudi kueleza kujiandikisha, Namegabe alimkatiza. "Mi siandikishe kitu, mama. Leo munaandika jina, kesho munaandika nyumba, kesho kutwa munanirudisha Uvira."

"Anayekutoza sasa amekuandika wapi?" aliuliza Mama Jovina.

"Hapana pahali."

"Basi hata siku ukimlipa, nani atajua kwamba umelipa?"

Hata hivyo Namegabe hakujiandikisha.

Kisha ikatokea siku ya tanuri. Jeska alikuwa amekosa pesa, na mtu wa koti la kijivu akaja na nyundo. Alikuwa ameshapiga pigo moja, ufa umeonekana, Mama Jovina alipoingia uani. Jeska alikuwa akilia. Mama Jovina akasimama kati ya nyundo na tanuri, na mtu mfupi kama yeye alionekana vizuri kwa mara moja katika maisha yake.

"Ndugu yangu," alisema, "kama ni ushuru wa kweli, twende ofisi ya komini sote watatu. Nitaubeba mfuko wa unga wa Jeska mimi, uwe dhamana ya deni lake."

Yule bwana akasema ana haraka. Mama Jovina akasema komini si mbali. Bwana akatazama watu waliokuwa wanajaa kwenye ua, akaiweka nyundo begani, akaenda zake. Hajaonekana tena Gashoho.

Hapo sisi tuliosimuliwa kisa hiki tulitarajia shangwe. Badala yake Namegabe alitikisa kichwa. "Iko mchezo ile. Huyu mama na ule bwana bamepanga. Mumoja anatisha, mwingine anaokoa, kisha wote banakula." Na majirani wengi wakakubaliana naye.

Mama Jovina hakukasirika. Alikaa juu ya mfuko wa unga akasema, "Nishukuni, ni haki yenu. Ila msinishuku mkiwa mmekaa. Nendeni ofisi ya kodi ya Muyinga bila mimi. Semeni hamnijui. Ulizeni kodi inatozwa kwenye nini."

Walikwenda, Jeska na Namegabe. Waliuliza dirisha la kwanza, na kwa kuwa hawakuliamini, wakauliza na la pili. Majibu yalikuwa mamoja: kodi hutazama faida, si kila faranga inayoingia. Unga hutolewa kwanza, na kuni, na sehemu ya pango inayolingana na chumba cha kazi, ilimradi stakabadhi zipo. Jeska alijiandikisha siku hiyo hiyo. Mwaka ulipoisha, alichodaiwa kilikuwa chini kuliko alichokuwa akimpa mwenye koti. Na kwa kuwa sasa alitambulika, bweni la wanafunzi pale Muyinga lilimpa kazi ya mikate ya kila asubuhi. Namegabe alisubiri mwaka mwingine mzima, akimchunguza Jeska, ndipo akafuata.

Hata ofisini mashaka hayakumwacha. Mhasibu wetu Nazario alitumwa Gashoho kuchunguza kwa nini mfanyakazi wetu anarudi kila mara na mikate. Alirudi na jibu kwamba inanunuliwa, na yeye mwenyewe amenunua minne.

Jambo moja Mama Jovina hakulisema hadi wiki hii. Alipotoka Tanzania alikuta shamba la baba yake kule Nyarusange linalimwa na familia nyingine, nao hawakuwa wezi. Walipewa na serikali, wakazaa hapo. Kwa miaka minane alipokuwa akiwasihi wengine waandike majina yao, yeye mwenyewe aliogopa kila alipoitwa kuandika lake kwenye madai ya shamba hilo. Mwishowe waligawana shamba kwa mstari wa miti ya mivumu, ile inayopandwa mipakani. Mwezi ujao yeye na Amisa, mama wa familia ile, wanaanza kusaga siagi ya karanga jikoni kwa Amisa. Biashara imeshaandikishwa, kwa majina yao yote mawili.

Mama Jovina, umetuvumilia na mashaka yetu, nasi tunakushukuru. Nenda Nyarusange kwa amani, karanga zikubali, na kila atakayebisha hodi kwako aje na heri.

Léonard, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako