Shangazi Aliyechoka Kuambiwa Salama

Tarehe thelathini mwezi huu, Shangazi atavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwahudumia wagonjwa na wazee wetu. Shangazi ni jina tulilompa hapa kituoni, na hata dereva wetu, aliyemzidi umri, humwita hivyo bila haya.

Alianza kama mhudumu wa wodi. Huduma ya majumbani ilipoanzishwa, alikuwa wa kwanza kujitolea, akisema amechoka kuwaona watu vitandani tu, anataka kuwaona na masufuria yao. Aliwaosha, akawafunga vidonda, akawakata kucha, na waliokula sukari kwa kujificha aliwagombeza mpaka wakakoma. Babu mmoja aliwahi kumposa huku anabadilishiwa shuka. Shangazi alimwambia amalize dawa kwanza, mengine yatazungumzwa. Babu alimaliza dawa, akapona, akaenda kumposa jirani.

Lakini Shangazi ameniapia kwamba nisipoandika habari ya fundi cherehani, haji kwenye sherehe yake mwenyewe. Basi naandika, ingawa si habari ya kusindikizia keki.

Gari letu la kuwafikia majumbani ni moja, wazee ni wengi. Kwa hiyo kila Jumatatu tunawapigia simu kujua nani ana shida, na hapo ndipo mambo huenda kombo. Mzee mwenye mtoto mwenye kazi nzuri na sauti kubwa hupata gari mlangoni, maana mtoto huja dirishani kwetu kituoni kufoka hadi tunatafuta pa kujificha. Mzee wa peke yake huulizwa hali, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hujibu salama. Tukishasikia salama, gari linakwenda kwingine.

Fundi alikuwa mjane asiye na mtoto, aliyeishi ghorofa ya juu nyuma ya soko. Ndiye aliyemshonea Shangazi sare zake zote, na Shangazi ndiye aliyekuwa akimpigia simu. Fundi alimjibu: salama, mwanangu, wahudumie wenye shida. Wiki baada ya wiki, jibu lilikuwa hilo hilo. Siku moja sare ilifumuka begani, Shangazi akapanda ngazi kuipeleka. Alimkuta fundi kwenye godoro kando ya cherehani, mguu umevimba, kidonda kinanuka, simu iko kiganjani. Jambo la kwanza fundi alilofanya ni kuomba radhi kwamba hajafagia.

Mguu ulikatwa. Masikini, hakushona tena, na mwaka haukuisha akafariki. Mpaka leo Shangazi hawezi kuisimulia habari hiyo bila kulia, nasi hatujui tuangalie wapi.

Tangu hapo hakumuuliza mzee yeyote hali. Aliuliza leo umekula nini, nani kakuchotea maji, hebu inuka nisikie unavyotembea. Wengi walimwita mbea. Wengine wako hai kwa sababu ya umbea huo. Hata hivyo gari bado ni moja, na wenye watoto wa kufoka bado wanatangulia. Miaka yote alituomba tubadilishe utaratibu, tukawa tunatikisa vichwa kukubali, kisha tunarudi kwenye simu zetu. Hilo linatuuma, na linastahili kutuuma.

Sasa Shangazi anarudi nyumbani. Hana mume, hana mtoto wa kuja dirishani. Kwake ni kilimani, gari linaishia chini na zilizobaki ni ngazi. Juma lililopita mgongo ulimkamata, hakuja kazini. Nilimpigia kumjulia hali. Akanijibu kwamba yeye ni salama tu, niwahudumie wenye shida.

Jamani, Shangazi! Hata wewe?

Ahsante kwa mikono yako na kwa makaripio yako. Tunakuombea mgongo ulionyooka, usingizi mzito na chai isiyopoa. Kwa niaba ya kituo siwezi kukuahidi gari, na naona aibu kuliandika hilo. Kwa niaba yangu mwenyewe nakuahidi hivi: Jumatatu sitapiga simu. Nitapanda nibishe hodi, na uwe na la kunijibu nikikuuliza umekula nini.