Marejesho ya Kristofa Bartolomayo Deusdedit

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili jioni, waliokuwapo kando ya kitanda chake katika wodi ya upasuaji ya wanaume, mjini Dodoma, walikuwa mke wake Sidonia, binti yake mkubwa Flaviana, mwanawe Gerson, binti yake mdogo Editha, jirani yake wa karakana ndugu Athuman, binti Naima wa ofisi ya uhasibu, na mimi, Wilbert Deusdedit, mdogo wa baba yake mzazi. Mama yake, bibi Anyesi, hakuwapo, kwa kuwa hawezi tena safari, naye ndiye huyu aliyeketi mkekani mbele yetu. Familia imenikabidhi kusoma maisha ya marehemu, na imeniomba nisiruke jambo, kwa sababu tangu juzi yamesemwa maneno mengi hapa msibani, mengine juu ya mke wake, mengine juu ya binti Naima, na yafaa yanyooshwe kabla hatujakwenda kaburini.

Majina yake kamili ni Kristofa Bartolomayo Deusdedit. Msalaba ulioletwa jana ulikuwa umeandikwa Christopher Bartholomew, umekwanguliwa na kuandikwa upya, kwa kuwa hakubatizwa kwa majina hayo wala hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Alizaliwa hapa Farkwa tarehe 9 Mei 1971, wakati huo ikiwa wilaya ya Kondoa, kwa maana Chemba haikuwa bado wilaya, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Bartolomayo Deusdedit na bibi Anyesi. Nyumbani walisema Kisandawe peke yake, Kiswahili alikikuta shuleni, na mpaka amekuwa mtu mzima alikuwa na tabia ya kulisikia neno la Kiswahili, akalitafutia maana yake mwenyewe kimyakimya, bila kumuuliza aliyelisema. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akafaulu hesabu vizuri, lakini nafasi ya sekondari hakuipata.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, baba yake alikamatwa kwa ajili ya kodi ya kichwa. Wazee wenzangu mliopo mnakumbuka jinsi wanaume walivyolala porini msimu wa kodi, na jinsi mgambo walivyowasubiri visimani. Kaka yangu Bartolomayo alipelekwa akiwa amefungwa mikono kwa kamba pamoja na wenzake, mbele ya watoto, na Kristofa akatembea nyuma yao hadi alipofukuzwa. Baba yake alirudi baada ya majuma mawili, hakuwahi kulizungumza jambo hilo, ila kuanzia hapo alimwambia mwanawe neno moja ambalo mwana huyo alilirudia maisha yake yote, kwamba serikali ikikutafuta umeshachelewa.

Mwaka 1987 alikwenda Mpwapwa kujifunza kuchomelea vyuma katika karakana ya misheni, akahitimu mwaka 1989, akafanya kazi kwa watu mpaka tarehe 1 Julai 1996, alipofungua karakana yake mwenyewe Kizota, mjini Dodoma, akitengeneza mageti, madirisha na madawati. Tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Sidonia katika parokia ya Kizota, na Mungu akawajalia watoto watatu, Flaviana mwaka 2000, Gerson mwaka 2004, na Editha mwaka 2010. Flaviana amesoma chuo cha Hombolo na sasa ni mtumishi wa halmashauri, Gerson ni fundi kama baba yake, Editha bado yuko shule.

Katika kazi alikuwa mtu wa kulipa kodi kabla ya siku yake. Juu ya mlango wa karakana, kwa rangi ya mafuta, aliandika MACHI, JUNI, SEPTEMBA, DESEMBA, yaani miezi minne ya kulipa awamu za makadirio ya kodi, na chini yake, kwa rangi nyekundu, RITANI MWISHO JUNI, yaani mwisho wa kupeleka hesabu kamili ya mwaka uliopita. Mafundi wenzake walimcheka. Athuman, ambaye karakana zao ziligusana na ambaye hawakuacha kutaniana, alikuwa akipita asubuhi na kusema, "Msandawe, leo umeamkia mwezi gani?" naye humjibu, "Mwezi wa wewe kufungiwa." Watu walicheka, lakini sisi tuliomjua baba yake tulijua kwamba hakuwa anacheza.

Sasa nafika mahali ambapo maneno ya msibani yalianzia, naomba nisikilizwe.

Mwaka 2016 Sidonia aliingia katika kikundi cha mikopo cha akina mama mtaani kwao, kikundi ambacho hukutana kila Alhamisi, na siku hiyo huitwa siku ya marejesho, yaani kila mmoja anarejesha sehemu ya mkopo wake. Biashara yake ya maandazi ikakwama, marejesho matatu yakapita, na Alhamisi ya nne akina mama wakaja na mkokoteni wakabeba makochi, televisheni, na mashine ya kuchomelea. Hawakuvunja sheria yao, maana ndivyo walivyokubaliana, na Sidonia mwenyewe amenituma niseme hivyo. Kristofa alianza upya kwa mashine ya kuazima. Kwa miaka iliyofuata Athuman alikuwa akimwita ukutani kila Alhamisi, "Baba Flavi, marejesho hayo yanakuja, ficha kochi!" na nyumba nzima hucheka, kwa kuwa kochi jipya lilikuwa halijanunuliwa. Kwa hiyo katika nyumba ile neno marejesho lilikuwa na maana moja tu, nayo ni watu kuja kuchukua.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, akawekwa kwenye vidonge, na baadaye sindano, akihudhuria kliniki mjini Dodoma kila mwezi bila kukosa. Daktari alimweleza wazi mbele ya mkewe kwamba akiacha dawa, kidonda kidogo mguuni kitamwondoa.

Mwezi Machi 2023 alipeleka makadirio makubwa, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa kazi ya mageti na madirisha ya hosteli nzima. Kazi ile haikutokea. Binti Naima, ambaye ofisi yake ndiyo iliyowaandalia mafundi wa Kizota hesabu zao, alimshauri mwezi Septemba arekebishe makadirio yashuke, kwani sheria inaruhusu, naye akakataa akisema, "Binti, nimeshatamka, nikitema mate siyarambi." Akalipa awamu zote nne kwa tarehe zake, mbili za mwisho kwa kuuza mbuzi wa mama yake. Ilipofika Juni 2024, ritani ya mwaka ikaonyesha kwamba amelipa zaidi ya alivyostahili, kwa mbali sana, na Naima akamwandikia maombi ya kurudishiwa, akamwekea karatasi mezani, naye akatia sahihi akiwa na miwani ya kuchomelea kichwani, kama alivyozoea kusaini kila alicholetewa na Naima, kwa sababu alimwamini.

Maombi yalikubaliwa mwezi Septemba. Jumatatu tarehe 23, mchana, Naima alimpigia simu akiwa karakanani, na Athuman aliyekuwa jirani alisikia, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Naima alisema, "Shikamoo baba, ofisi ya kodi wanakutafuta kuhusu marejesho yako." Kristofa akauliza, "Marejesho ya kiasi gani?" Naima akajibu, "Yote, baba, hawajapunguza hata senti. Uje na kitambulisho na namba ya akaunti ya benki, na usichelewe." Kristofa akasema, "Nimesikia, binti," akakata simu. Athuman naye, kwa desturi yao, akapaza sauti, "Marejesho mpaka serikalini, Baba Flavi! Safari hii watabeba na paa!" Amenieleza haya mwenyewe, akilia, na nimemwambia ninavyowaambia ninyi, kwamba utani ulikuwa ule ule wa miaka minane, na halikuwamo neno baya ndani yake.

Jioni hiyo Kristofa aliuza mashine zake mbili kwa fundi mmoja wa Area C, fedha akampa mkewe afiche, na kesho yake alfajiri akaja hapa Farkwa kwa mama yake, simu ameizima. Kwa Sidonia aliacha maneno haya, "Wakija, hujui niliko. Baba walimfunga kwa kodi ya kichwa, mimi hawanifungi kwa marejesho." Naima alikwenda nyumbani kwao mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Mama, namtafuta mzee kwa ajili ya marejesho yake," na Sidonia akajibu akiwa amesimama mlangoni, "Marejesho tena? Mwanangu, humu ndani hakuna kilichobaki cha kubeba," akafunga mlango. Naima si mtu wa hapa, amekulia Tanga, na neno hilo kwake ni neno la ofisini, maana yake fedha zinazorudi kwa mwenyewe. Akadhani amemkosea mama wa watu kwa jambo asilolijua, akaona haya kurudi. Hakuna aliyemfukuza Kristofa mjini, wala hakuna aliyemroga. Walisema neno moja, na kila mtu akasikia la kwake.

Dawa alizokuja nazo ziliisha mwishoni mwa Oktoba. Mwezi Novemba, akichimba nguzo za zizi, jembe lilimkata kidole cha mguu wa kulia, akafunga kitambaa, akaendelea. Mama yake alimsihi aende hospitali, naye akamjibu kwamba hospitali wataomba kitambulisho, na namba ya kitambulisho ndiyo hiyo hiyo ya kodi. Krismasi Gerson alipokuja kuwasalimu, mguu ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo na harufu ilikuwa imejaa chumba. Alimpigia baba yake magoti, baba akakataa. Gerson akarudi Dodoma akamweleza dada yake kila kitu, pamoja na siri ya deni.

Jumatatu tarehe 6 Januari 2025 Flaviana alikwenda ofisini kwa Naima akiwa na akiba yake yote kwenye mkoba, akamwambia, "Dada, nimekuja kupunguza deni la baba." Naima akamwuliza, "Deni lipi?" Flaviana akasema, "La marejesho." Naima akasema, "Flavi, baba yako hadaiwi. Baba yako analipwa." Wote wawili waliondoka kwa gari la kukodi mchana huo huo, wakafika hapa usiku, wakamweleza kwa Kiswahili, na Flaviana akarudia kwa Kisandawe ili neno lisiteleze. Akawauliza, "Sasa kwa nini hawakusema wananirudishia?" Hapo hapo akakubali kubebwa.

Madaktari walifanya yote yaliyowezekana. Tarehe 8 Januari walimkata mguu chini ya goti, tarehe 21 juu ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu na figo zilikuwa zimechoka. Fedha ziliingia kwenye akaunti yake tarehe 3 Februari, kamili, akaonyeshwa ujumbe wake kwenye simu, akausoma mara mbili, akamrudishia Flaviana simu. Juma la kwanza la Machi alianza kumwulizia Naima, na alipokuja alimwambia, "Binti, Machi imeingia, mbona huleti makadirio?" Naima akamwuliza, "Tuandike ngapi mwaka huu, baba?" naye akasema, "Andika kidogo. Kazi nyingine mtu anaweza kuchomelea akiwa ameketi." Athuman akamtania, "Msandawe, hata kitandani unaogopa Machi?" na Kristofa akacheka, mara ya mwisho tuliyomwona akicheka. Jioni ya tarehe 11 alitusalimu sote kwa majina, akaomba maji, akalala.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, kliniki ya kisukari iliyomtunza miaka mitano, jumuiya na kwaya ya parokia ya Kizota, mafundi wa Kizota waliochangia gari la kumleta nyumbani, majirani wa Farkwa waliochimba kaburi kwenye udongo mgumu, na akina mama wa kikundi cha mikopo, ambao wamekuja wote na ndio wanaopika. Ninamshukuru Athuman, na ninaomba aendelee kututania. Ninamshukuru binti Naima mbele yenu nyote, na ninaomba mama mzazi ampe mkono kabla hatujaondoka hapa. Kristofa, mwanangu, lala bila hofu ya kutafutwa.

Kristofa Bartolomayo Deusdedit alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.