Mashua ya Akiba ya Kirenge

Mwaka wa sabini na nne, ukitaka kujua Kasese inawaza nini, hukwenda ofisini kwa mkuu wa wilaya. Ulikwenda nyuma ya stesheni, pale Ketura alipochemsha kahawa ya mlimani, ukaketi kwenye taruma la reli lililopandishwa juu ya mawe. Utamu wa kahawa ile, jamani, haujarudi tena. Wenye taruma walikuwa watatu. Baluku wa Bwera aliitwa Redio, kwa kuwa habari zote zilianzia kwake, hata zile ambazo hazikutokea. Oryem, koplo mstaafu wa polisi aliyeletwa na kazi kutoka kaskazini akaoa hapa hapa, aliitwa Afande. Na Kosiya, mfagiaji wa stesheni, walimwita Kisiwa, maana alizaliwa Kirenge, kisiwa kidogo cha Ziwa Joji.

Siku zile kahawa ilikuwa haimpiti Kosiya kooni. Mashua ya serikali, ambayo peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kuvusha watu, ilikuwa imekufa injini. Mama yake, Tabisa, alikuwa ng'ambo kisiwani, mguu umevimba. Mitumbwi ya wavuvi ilikatazwa kubeba kitu kisichokuwa samaki, na Kosiya alikuwa mtu wa kushika sheria, tena mwenye koti la reli. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba itachagua mashua ya akiba. Basi akawa anangoja.

Redio: Mimi nimesikia vile banachaguaka. Hapana angalia maji. Banaangalia mutu iko na lori.

Afande: Lori itaelea?

Redio: Haielei. Lakini mwenye lori iko na petroli, na siku hizi mutu wa petroli hata serikali inamuita bwana. Mashua atatafuta kisha.

Afande: Wewe hapana jua kitu. Mimi nilikuwa polisi. Mashua inapimwa na bendi! Inapakia bendi yote, na ngoma ile kubwa, inapiga mpaka ng'ambo. Ngoma ikilowa, mashua imeanguka mtihani. Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ketura: Guu na ngoma inakutana wapi, Afande?

Afande: Methali ni methali, mama. Mimina kahawa.

Redio: Na viboko? Mashua ya akiba ni mugeni, viboko hawaijue. Serikali lazima iandike mutu wa kutangulia na mutumbwi, aombe ruhusa kwa kiboko mukubwa. Na huyo mutu akigonjwa, anatafutiwa akiba yake.

Afande: Akiba ya akiba!

Redio: Ndiyo! Samaki mumoja akioza, wote wameoza. Ndio maana kila kitu inatakiwa iwe mbili.

Ketura alicheka mpaka akaweka birika chini.

Ketura: Nyinyi mnacheza. Akiba ni kama sahani zangu za maua. Ziko kabatini tangu uhuru, nani amekula ndani yake? Serikali itachagua mashua nzuri sana, itaifunika turubai hapa Kasese isiharibike. Ikiharibika, akiba itatoka wapi?

Wakacheka wote isipokuwa Kosiya. Alikuwa ameinamia kikombe, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya mtu aliye mbali.

Kosiya: Zamani hatukuwa na mashua hata moja, na hakuna mtu alilala ufukoni. Unafika, unawasha majani mabichi. Moshi moja, ni mgeni. Moshi mbili, ni ugonjwa ama msiba. Mjomba Syahuka akiona anapuliza pembe, vijana wa zamu wanakuja. Hawaulizi wewe ni nani. Ikiwa moshi mbili, wanapiga kasia bila kuimba.

Aliiona yote: maji ya asubuhi, na Tabisa kijana bado, ameketi katikati ya mtumbwi na kuku mapajani, akiwagombeza wapiga kasia kwa kumlowesha. Kisha ikaja mashua yenye bendera, na hotuba, na vigelegele. Pembe ikatundikwa ukutani, na waliokuwa na zamu wakawa abiria. Kosiya aliitamani Kirenge ile mpaka kifua kikamuuma.

Ndipo mwanamke mwenye kikapu akasimama mbele yao, ananuka samaki.

— Kosiya wa Tabisa ni nani hapa? Mimi ni Mbambu, nimeolewa jirani ya mama yako.

— Ni mimi. Umetoka wapi?

— Kirenge. Nimevuka asubuhi.

Afande akaruka: Serikali imechagua?

— Imechagua nini? Nimekuja na mtumbwi ya samaki.

— Hiyo ni ya samaki tu! Ni amri!

— Na sisi tunafuata amri, afande. Karani wa ufukoni anapima samaki, ngege na wengine, anaandika. Wewe unapanda mizani, anaandika ngege. Hata mchungaji Ezironi alivuka Jumapili akiwa ngege. Kisiwa yote inavuka hivyo tangu injini ilikufa.

Redio akamtazama kama mtu aliyeibiwa. Habari hiyo haikuwa imepita kwake.

Kosiya: Na mama?

— Mguu umevimba mpaka goti. Hawezi kukaa ndani ya mtumbwi bila mtu wake wa kumshika. Ameniambia nikuulize neno moja tu. Amesema: "Mashua najua imekufa. Na mtoto wangu, naye alikufa?"

Afande alitafuta methali, akaikosa. Ketura akashika birika, asimimine.

Kosiya alisimama. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Akavua koti la reli, akalikunja, akaliweka mahali alipokuwa ameketi, akashika barabara ya Muhokya, ya kwenda ziwani.

— Kisiwa! Afande akaita. Wakikukamata utasema nini?

Kosiya hakugeuka.

— Waambie waandike ngege.