Fremu ya Bolti

Mwaka wa tisini na tatu, pikapu za abiria za Machame zilikuwa zimeanza kufungwa fremu ya mabomba nyuma, ili gari likipinduka lisitulalie. Nilipanda mojawapo, nikakaa pembeni, nimejifunga kitambaa cheusi. Mbele yangu abiria mmoja, mama aliyemiliki pikapu nyingine kama hiyo, alikuwa akibishana na mzee fundi.

"Fremu inachomelewa, mama! Ya bolti ni pambo."

"Shikamoo yangu umeshapokea, baba, ila wewe unatafuta kazi. Nikichomelea, jeneza litapita wapi? Ya bolti naifungua, marehemu namfikisha kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo."

"Na wafiwa wanaokaa kando ya jeneza?"

"Wanashikilia."

"Wanashikilia nini? Jeneza?" Fundi alipaza sauti mpaka kuku aliyepakatwa na abiria wa kando yangu akamjibu. "Fremu unamtolea yule asiyeweza kufa tena!"

"Usinitukane, mzee! Hakuna mtu wa kwetu aliyelala mochwari kwa kukosa gari, nikiwepo mimi."

 Juzi kaka yangu Aminieli alikaa kando ya jeneza la mkwewe, gari likapinduka kwenye kona ya mtoni, likamlalia. Fremu ya gari hilo tuliikuta nyumbani kwa mwenye gari, imeegemezwa kwenye zizi, bolti zote zimetunzwa ndani ya kopo.

Gari liliposimama kanisani, yule mama alinishika mkono nishuke.

"Pole na msiba, dada. Gari la kubeba mwili mmepata? Langu linafunguka upesi."