Matar Sultan na Hewa ya Ndani ya Gari Lake

Huyu tunayemzika leo ni Matar Sultan Hamad, aliyezaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Sultan mshona viatu.

Alisoma huko huko Wete mpaka darasa la kumi. Mwalimu alikuwa akimtoa nje kwa kubishana hesabu, na mara nyingi, wallahi, haki ilikuwa yake.

Mwaka 1996 alimuoa Bi Jokha. Machafuko ya Januari 2001 yakamtupa London, na mkewe akamfuata Tottenham baada ya miaka miwili.

Tangu 2005 aliendesha gari la vifurushi, la dizeli, moshi ukipenya kwenye mlango wa nyuma usiofunga sawasawa. Kila asubuhi akilifukiza udi, asije mtu akaingia akakuta harufu. Jioni akipenga kamasi, leso nyeusi tititi. Akiitazama kwa kinyaa: “Jokha, uchafu huu wote nimeuvuta mie?”

Sigara hakuigusa maisha yake. Mwaka 2022 kifua kikamkamata. Akauliza kazini anavuta vumbi la moshi kiasi gani. Msimamizi wake, Jennifer, akamletea karatasi: mikrogramu kumi na moja kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kiwango kizuri. Kumbe wamekadiria kwa kipimo cha hewa cha kwenye mlingoti, nyuma ya ofisi, penye miti.

“Kwani mlingoti ndio unaoendesha gari?” Matar akauliza.

Poonam, mtafiti wa hewa wa chuo kikuu ambaye bibi yake ni wa Mombasa, akamfungia kipimo kando ya kiti, wiki nzima. Matar naye, kwa kumstahi mgeni, akazidisha udi! Nambari zikapaa. Jennifer akacheka: “Umejifukiza mwenyewe, Matar.” Wiki yote ikafutwa.

“Anko, udi nao ni moshi,” Poonam akamwambia taratibu. “Turudie?”

“Turudie, mwanangu, kabla kifua hakijanikatalia.”

Wiki ya pili hakuchoma hata kipande. Gari lilinuka dizeli tupu, akawa anatema mate dirishani kwa karaha. Jibu likatoka: arubaini na saba, zaidi ya mara nne ya ile ya kwenye karatasi. Kazini wakasema wataliangalia. Hawakuliangalia. Yeye hakutaka fidia; alitaka magari yatengenezwe, maana wenzake wamo ndani.

Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 12 Februari 2025. Asubuhi ile alimwambia bintiye Haifa: “Usiandike nilikuwa mpole. Andika ile nambari.” Basi imeandikwa.

Kampuni imeleta shada la maua. Bi Jokha kalitazama, akasema, “Litoeni nje, linanichefua.”

Ameacha mjane, mabinti wawili, Haifa na Miska, nduguye Riyadh aliyeandika haya, na madereva tisa waliosimama pale nyuma, ambao kesho alfajiri wanaingia ndani ya magari yale yale.

Mola amsamehe Matar, amkunjulie kaburi lake. Amin.