Gari Langu Halina Jini

Bwana asifiwe! Naomba niseme tena, maana upande wa wazee sikusikia mtu akiitika. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia.

Ndugu zangu, kwa wageni wetu: mimi naitwa Nyamizi. Nafundisha darasa la saba huko Isikizya, nalala hapa mjini, na ni kiongozi wa kwaya ya kanisa hili. Au nilikuwa. Tutajua tukishatoka. Lile gari jeusi lililopaki nje karibu na tangi la maji, ambalo watoto wenu huligusa kisha wakakimbia, ni langu. Jumapili iliyopita mzee wetu wa kanisa, Mzee Maganga, aliniambia mbele ya watu wawili kwamba leo nisimame hapa nishuhudie jinsi Bwana alivyonitenga na gari lile. Yaani niseme nimeliuza. Kama sijaliuza, kwaya niiache.

Basi nimesimama, na nitashuhudia. Lakini sijaliuza, na siliuzi! Mzee Maganga, shikamoo baba. Naomba ukae, bado sijaanza.

Ndugu zangu, gari hili nililinunua kwa jasho la chaki. Ni la Kijapani, limeshavuka miaka ishirini, na lina turbo. Kwa asiyejua, turbo ni kidude chenye umbo la konokono, kinakaa ubavuni mwa injini. Moshi unaotoka unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani, gari linapata nguvu. Ndiyo maana linapiga mluzi. Hakuna zaidi ya hapo! Lakini siku niliyoliingiza mtaani, mlisema nini? Gari la vijana wa kubeti. Mwalimu mzima, mwanamke, hana hata mume, anatafuta nini na gari linalonguruma? Nikawa nasikia, nakanyaga mafuta.

Nitasema na dhambi zangu, maana ushuhuda wa kuchagua si ushuhuda. Nilikuwa na majivuno. Nilipenda kutazamwa. Barabara ya Nzega niliwahi kuikimbia mpaka nikajiogopa mwenyewe, na kwa hilo nimetubu kwa machozi, na leo naendesha kwa adabu. Halafu nikaongeza uchokozi: nikamwambia fundi anifungie kifaa cha kutolea hewa, kile ambacho ukiachia mafuta kinapiga chafya, pshaaa! Siku ya kwanza kilimpigia Mzee Maganga pale getini, Biblia ikamponyoka mkononi. Niliomba radhi siku ile, na leo naomba tena. Naomba radhi kwa chafya. Kwa gari siombi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo maneno yalipoanzia. Fundi wangu ni Fundi Idrisa wa Ng'ambo, mtu wa makamo, mpole, ana gereji yenye mwembe mmoja na kelele nyingi. Ndiye aliyenifundisha kulitunza gari la namna hii, na sharti lake la kwanza lilikuwa moja. Aliniambia, "Mwalimu, ukifika unakokwenda, usizime hapo hapo. Turbo inakuwa ya moto sana. Iache injini ingurume dakika mbili, oili iendelee kupita, ipoe. Ukizima ghafla, oili inakaangikia ndani." Nikalishika sharti hilo kama amri. Kila nikipaki, nakaa dakika mbili. Nyumbani, shuleni, hapa kanisani. Na kwa kuwa mikono ilikuwa haina kazi, nikaanza kuwaombea wanafunzi wangu kwa majina, wawili watatu kila nikifika. Nafumba macho, nainamisha kichwa, midomo inacheza. Ndugu zangu, nisiwafiche, hapo ndipo nilipojifunza kuomba! Siyo kwenye mkesha, siyo kwenye semina. Kwenye kiti cha gari, injini ikinguruma.

Nanyi mkaniona. Mkasema, Nyamizi ana kitu ndani ya gari, anaongea nacho. Hashuki mpaka kimruhusu. Mluzi ule ni wa kitu hicho, na chafya ile ni yake. Mama wa ushirika, usigune, wewe ulinieleza mwenyewe kwa mdomo wako tukiwa jikoni siku ya kipaimara, na nakushukuru kwa kusema usoni. Wengine walisemea mgongoni.

Ukiambiwa kitu kila siku, ndugu zangu, mwisho unakiamini. Ukaja ule mkutano wa injili wa uwanjani, na mtumishi mgeni akaletwa mpaka kwenye gari langu. Akaweka mkono juu ya boneti, akatetemeka, akasema kuna roho ya mbio humu. Akanipa chupa ya mafuta ya upako, akasema nipake kwenye milango minne na usukani. Mimi, mwalimu wa sayansi, mwenye cheti, nikaogopa! Nikafika nyumbani nikapaka milango. Nikaona haitoshi. Nikafungua boneti, nikafungua kifuniko cha oili, nikamimina. Yeye alisema paka, jamani. Mimi nikamimina chupa nzima! Nilitaka jini lizame.

Chekeni tu. Lakini hilo halikuwa kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa ni kwamba niliacha zile dakika mbili. Niliogopa macho yenu. Nikifika kanisani nazima papo hapo, gari la moto, nashuka mbio, natabasamu, ili msiseme anaongea nacho. Nikifika shuleni vivyo hivyo. Na kwa kuacha dakika zile nikaacha na maombi yangu. Wanafunzi wangu hawakutajwa tena. Usingizi ukakatika. Nikawa naliogopa gari nililolinunua mwenyewe, nalizunguka kabla ya kupanda kama mtu anayekagua kaburi. Nilishaanza hata kuulizia mteja. Enyi ndugu, huo ndio utumwa niliokuwa nao, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniombea nitoke humo, maana mliuita wokovu!

Basi siku moja ya Jumamosi, asubuhi kweupe, nilikuwa namrudisha mama yangu mdogo kwake Tura. Alikuja hospitali kutazamwa macho. Ni mama wa shambani, hajui kusoma, lakini akili yake ni wembe. Tulipoivuka Kigwa mbele kidogo, taa nyekundu ya oili ikawaka. Kabla sijapunguza mwendo nikasikia mluzi umegeuka kilio, kisha krrr, kisha kimya. Nyuma moshi mweupe umefunika barabara yote. Nikasimamisha pembeni. Gari limekufa.

Nikashuka nikakimbia, nikamwacha mama mdogo ndani! Nimelikimbia kama hatua ishirini, nikiamini kwamba sasa jini linatoka. Ndipo nikamkumbuka, nikarudi kwa aibu, nikamtoa, nikamkalisha kwenye kanga kando ya barabara. Kisha hasira ikanipanda ambayo sijawahi kuijua. Nikapiga magoti kwenye changarawe mbele ya boneti, mikono juu, nikapaza sauti mpaka wachunga ng'ombe wakasimama. Nilimwambia Mungu: Baba, nimechoka! Kama humu kuna jini, liteketeze gari hili sasa hivi, mbele ya macho yangu, nami nitatembea kwa miguu maisha yangu yote. Na kama hakuna, basi nitolee woga huu leo, maana sitaondoka hapa nao!

Nikangoja. Treni ya mizigo ikapita kule relini, ikaisha. Gari halikuteketea. Lilikuwa linatoa kamoshi kadogo tu, linanuka kama chipsi.

Mama mdogo akaniangalia kwa jicho lake moja lisilobandikwa plasta, akaniuliza, "Nyamizi mwanangu, unagombana na Mungu au na gari?"

Nikamweleza yote. Jini, mluzi, chafya, mtumishi, mafuta. Akasikiliza, akatema mate pembeni, akasema, "Jini gani hili linaloshindwa hata kufika Tura?"

Ndugu zangu! Nilicheka. Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka, nimekaa chini barabarani na sketi yangu ya kwaya. Na ule woga ukatoka. Nawaambia ukweli wa Mungu, niliusikia ukitoka, kama mtu anavyoteremshwa mzigo kichwani. Sisi ni wajukuu wa wapagazi, njia ile ile babu zetu waliipita na pembe za ndovu begani mpaka pwani, wanajua maana ya kutua mzigo. Mungu alinijibu. Hakunijibu kwa moto, alinijibu kwa kinywa cha mama asiyejua kusoma! Mnataka ishara gani nyingine?

Lori la mkaa likatuonea huruma. Mama mdogo alipata basi la kwenda kwake, mimi nikavutwa kwa kamba mpaka Ng'ambo.

Fundi Idrisa alifungua chini, oili ikagoma kumwagika. Ilikuwa nyeusi, imeganda kama lami. Akachomoa kile kibomba kinachopeleka oili kwenye turbo, kimeziba kabisa. Akaniuliza, "Mwalimu, umeweka nini humu?" Nikasema sijui. Naam, nilidanganya, nimetoka kwenye ukombozi saa hiyo hiyo! Akachovya kidole, akanusa. "Hii alizeti." Nikakiri. Yule baba akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Mwalimu, uliambiwa upake au upike?"

Kisha akaacha utani. Akaniuliza kuhusu dakika mbili. Nikamwambia niliziacha. Akasema alizeti peke yake labda angeiosha ikatoka, lakini kuzima gari la moto kila siku, hapo ndipo ilipokaangika mpaka ikawa gundi. Akauliza nani alinikataza kusubiri. Nikasema watu. "Watu gani? Watakuletea turbo nyingine?"

Ndugu zangu, shikeni neno hilo. Turbo yangu haikuuawa na shetani. Haikuuawa na mtumishi. Iliuawa na mimi, kwa kuwaogopa ninyi!

Turbo nyingine, iliyotumika, ilitoka Dar kwa basi, na kazi ikachukua wiki nyingi kwa sababu injini nzima ilibidi ifunguliwe na kuoshwa. Nikawa naenda Isikizya kwa bodaboda, nafika ubaoni nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi. Nanyi mkaniona sina gari, mkanipigia makofi humu ndani! Mkasema Nyamizi amefunguliwa. Mzee Maganga alinishika mkono akasema, "Binti yangu, sasa uso wako una nuru." Baba yangu, ile nuru ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa ya Kigwa.

Kisha gari likarudi. Nikalipaki pale kwenye tangi la maji, nikaacha injini ingurume, nikafumba macho mbele yenu wote, nikaanza upya kuwataja wanafunzi wangu. Wiki hiyo hiyo nikaitwa, nikapewa masharti.

Mzee Maganga, nakuheshimu. Ulimzika baba yangu, ulisimama kaburini mvua ikinyesha, sitasahau. Najua hunichukii, unaogopa. Mimi nilikuwa ndani ya woga huo huo, naijua harufu yake. Lakini sitasema uongo madhabahuni ili nibaki na kwaya. Kama kiti kile nakikalia kwa kudanganya kwamba Mungu alinitoa kwenye gari, basi kikalieni wenyewe. Nitaimba nikiwa benchi la nyuma, na mnajua sauti yangu, mtanisikia!

Namshukuru Mungu aliyenisikia juu ya changarawe. Namshukuru mama yangu mdogo, macho yake yanaendelea vizuri. Namshukuru na Fundi Idrisa. Ndiyo, ni Mwislamu, mnaogeuziana shingo. Anaswali kwa saa zake, na alikuwa mtu wa kwanza mjini hapa kuniambia ukweli akiwa ameushika mkononi.

Na sasa nasema na wewe uliyekaa kimya huko pembeni. Pengine umeambiwa mtoto wako ana laana, kumbe hasikii vizuri, hajapelekwa kupimwa. Pengine umeambiwa shamba lako limerogwa, na mbegu hujaikagua. Nakusihi leo, usiende kwa anayekuongezea hofu. Mwite Bwana kwa sauti kubwa, mchana, popote ulipokwama, hata kama wachunga ng'ombe wanakutazama. Yeye hamkimbii mtu mwenye hasira. Mimi alinivumilia na makelele yangu, akanipa kicheko, akanipa fundi.

Mwamini yeye kwa moyo wako wote, ndugu yangu. Halafu ukitoka magotini, fungua boneti uangalie.